Shasi na bodi za magari ya zamani Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye Land Cruiser, Land Rover, Peugeot, Mercedes au Volkswagen ya miaka ya 1960 hadi 1980 inayotembea kwenye mawe ya lava, na kwa fundi tolie (fundi wa bodi za magari) anayetaka kuirudisha katika mstari wake. Maswali yamepewa namba, maana jibu moja mara nyingi linategemea jingine.

## Kabla ya kukata chochote

1. Gari langu lina shasi au halina? Fundi mmoja anasema ndiyo, mwingine anakataa.

Inategemea gari. Land Cruiser za familia ya 40 (1960 hadi 1984) na Land Rover Series (1948 hadi 1985) zina shasi ya ngazi: longeroni mbili ndefu (mihimili ya pembeni) zilizounganishwa kwa traversi (mihimili ya kukatiza), na bodi imekaa juu yake kwa boloni. Ukitoa boloni, bodi inanyanyuka yote.

Peugeot 404, Peugeot 504 na Mercedes W123 hazina ngazi hiyo. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja, na vyote ndivyo vinavyobeba uzito. Kwenye magari haya kizingiti kilichooza ni sawa na longeroni iliyokatika, hata kama gari bado linatembea. Volkswagen Coccinelle iko katikati: ina sakafu yenye mfereji wa katikati, na bodi imefungwa juu ya sakafu hiyo kwa boloni.

2. Gari halijawahi kugongwa. Kwa nini milango haifungi vizuri?

Barabara inatosha kulipinda. Kila gurudumu likipanda jiwe la lava, shasi inajikunja kidogo na kurudi, mara maelfu kwa siku. Kinachochoka kwanza ni kile kilicho laini zaidi, kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu.

Kwanza bawaba: fungua mlango nusu, ushike mwishoni, uunyanyue. Ukicheza juu na chini, pini au bushi zimekwisha (swali la 17). Pili, mipira inayobeba bodi juu ya shasi: ingia chini na taa, uone kama mmoja umebonyea au umekatika. Tatu, mguu wa tablie, yaani ule ukuta kati ya injini na abiria ambao bawaba za mbele zinautegemea. Ukioza chini, mlango mzima unashuka ukiwa na bawaba nzima kabisa. Mwisho ndipo utafute ufa kwenye longeroni.

Kuna jaribio la haraka kwa gari lenye shasi. Funga milango, weka jeki (kriki) chini ya mwisho wa longeroni ya nyuma upande mmoja, nyanyua mpaka gurudumu liachie ardhi, kisha angalia nafasi kati ya mlango na nguzo. Ikibadilika kidogo, ni kawaida. Ikifunga kabisa juu na kufunguka chini, bodi haijashikwa tena na kitu cha chini yake.

3. Nianze na shasi au na bodi?

Na shasi, siku zote. Ukipanga milango juu ya shasi iliyopinda, siku utakapoinyoosha kazi yote ya bodi itaharibika, rangi ikiwemo.

4. Ni lazima kuondoa bodi yote?

Hapana. Ufa mmoja unaoonekana pande zote unarekebishwa bodi ikiwa mahali pake. Iondoe kama longeroni imeoza upande wa juu chini ya bodi, kama boloni za kushikia bodi zimeng'oka na bati lake, au kama vipimo vya swali la 6 vinaonyesha mpindo wa katikati.

Ukiiondoa, piga picha za kila boloni na kila wasa iliyo chini yake. Wasa hizo ziliwekwa kiwandani kusawazisha bodi, na mahali pengine ziko mbili, pengine hakuna hata moja. Zitie kwenye mifuko yenye namba. Kunyanyua, magogo matatu ya eukaliptusi yaliyofungwa vizuri juu na palani (winchi ya mnyororo) ya tani moja yanatosha kwa bodi tupu ya Land Cruiser 40, mradi milango, viti na kioo cha mbele vimeshatolewa. Kama gari halina paa la chuma, funga bomba la chuma kati ya nguzo za milango kwanza. Bila hilo, bodi itajikunja ikiwa hewani.

5. Goma hakuna bahari. Kutu yote hii inatoka wapi?

Inatoka kwenye tope lililokaa ndani. Longeroni ni sanduku lenye matundu. Mvua inaingiza vumbi la lava na udongo, matundu ya kutolea maji yanaziba, na sanduku linabaki na unyevu hata katika miezi ya ukavu ya Juni hadi Agosti. Chuma kinaliwa kutoka ndani, na rangi ya nje inabaki nzuri mpaka siku kidole kinapotoboa.

Juu ya hayo kuna moshi wa volkano ya Nyiragongo. Gesi yake ya salfa ikikutana na mvua inakuwa asidi, ndiyo maana mabati ya nyumba zilizo upande unaopeperushiwa moshi yanaisha upesi. Gari linalolala nje linapata mvua ileile. Mawe ya lava nayo ni makali, yanachuna rangi ya chini ya gari kama msasa. Gonga longeroni kwa nyundo ndogo kila sentimita 5: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa. Usikubali bei ya fundi yeyote kabla ya kazi hii kufanyika.

## Kupima

6. Sina mashine ya kupimia. Nitajuaje kama shasi imepinda?

Unahitaji uzi wenye timazi, chaki, tepu ya mita 5, mpira wa maji wa waashi na watu wawili. Vikitumiwa kwa uangalifu, vifaa hivi vinaonyesha mpindo wa milimita 3.

Tafuta sakafu ya saruji. Uwanja wa changarawe nyeusi hautafaa. Chagua pointi nne kila upande zinazofanana kushoto na kulia: boloni ya mbele ya lame (resoru, yaani springi za mabamba) za mbele, boloni ya nyuma ya lame hizohizo, boloni ya mbele ya lame za nyuma, na tundu la traversi ya mwisho. Usitumie kingo za bati, maana zinagongwagongwa. Shusha timazi kutoka katikati ya kila boloni, subiri itulie, weka alama ya msalaba sakafuni. Zikiwa nane, sukuma gari pembeni.

Sasa una picha ya shasi sakafuni. Pima mshazari wa kila chumba, yaani nafasi kati ya jozi mbili za pointi zinazofuatana: kushoto-mbele hadi kulia-nyuma, na kinyume chake. Kisha chora mishazari hiyo kwa chaki, nayo itakatana. Tandaza uzi kutoka pale inapokatana chumba cha kwanza hadi chumba cha mwisho. Makutano ya kati yanatakiwa yawe chini ya uzi. Yakihama upande, shasi imepindia kando, na chumba ambacho makutano yanaanza kuhama ndicho chenye ugonjwa. Hapo ndipo utakapovuta, hata kama kovu la ajali liko mbali.

Kuna pia kujisokota, ambako sakafu haikuonyeshi. Laza mabomba mawili yaliyonyooka ya mita 1.5 juu ya longeroni, moja mbele na moja nyuma, kisha piga magoti na utazame bomba la karibu kwa jicho moja mpaka lifunike la mbali. Likionekana upande mmoja tu, shasi imejisokota. Mpira wa maji utakupa kiasi: pima kimo cha maji kwenye kila longeroni, gari likiwa limekaa kwenye vigogo vinne vilivyosawazishwa kwa mpira huohuo. Toa mapovu yote ndani ya mpira kwanza, povu moja linadanganya kwa sentimita nzima.

7. Tofauti ya kiasi gani inakubalika?

Kwa magari ya umri huu, tofauti ya milimita 3 kati ya mishazari miwili ni nzuri. Kati ya 3 na 5, gari litaendeka na bodi itapangika kwa wasa. Kuzidi 5, nyoosha.

Linganisha pia umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kila upande, magurudumu yakiwa yamenyooka. Vipimo vya kiwandani: Land Cruiser BJ40 na FJ40 milimita 2,285, Land Rover fupi 2,235 na ndefu 2,769, Peugeot 404 ya saluni 2,650, Peugeot 504 ya saluni 2,740, Mercedes W123 ya saluni 2,795, Coccinelle 2,400.

8. Gari linatembea kiubavu, nyuma inafuata upande. Ni shasi?

Usiihukumu shasi mapema. Kwenye gari la lame, angalia kwanza boloni ya katikati inayofunga lame pamoja. Ikikatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja na gari linaanza kutembea kama kaa. Kitu hiki kinatokea sana kwenye mawe. Kaza boloni za U, badilisha ya katikati, upime tena. Tofauti ikibaki, rudi swali la 6.

## Kunyoosha na kuchomelea

9. Shasi inanyooshwa kwa moto au baridi?

Baridi kwanza. Funga shasi kwa mnyororo kwenye kitu kisichohama, weka jeki ya hidroli ya tani 10 pale ugonjwa ulipo, sukuma polepole. Chuma kinarudi nyuma ukikiachia, kwa hiyo kisukume kipite mstari kwa milimita chache, kishike hapo, ugonge kuzunguka mpindo kwa nyundo ya kilo moja, achia, pima. Rudia mara tano au sita. Anayevuta mara moja kwa nguvu zote anapata mpindo wa pili.

Moto uje pale tu bati la longeroni limejikunja mkunjo mkali. Pasha eneo pana, mpaka wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, karibu nyuzi 650. Ukiona wekundu juani umepita kipimo. Usimwagie maji, kiache kipoe chenyewe. Na usipashe sehemu moja mara mbili mbili, chuma kinapoteza nguvu na ufa unakuja palepale.

Funika mnyororo kwa tairi kuukuu au magunia mazito kabla ya kuvuta, na mtu asisimame kwenye mstari wake. Mnyororo ukikatika unaua.

10. Ufa unachomelewaje ili usirudi?

Ufa mwingi unarudi kwa sababu fundi alifunga kile alichokiona na kuacha kile asichokiona. Ncha ya ufa ni nyembamba kuliko unywele. Safisha chuma mpaka kiwe cheupe, sentimita 10 kila upande. Pakaza mafuta ya taa, subiri dakika tano, futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, na mara nyingi mstari huo ni mrefu kwa sentimita 2 au 3 kuliko ulivyodhani.

Toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye kila ncha, mbele kidogo ya mwisho wa mstari. Tundu la duara linazuia ufa kuendelea. Kama ufa umefunguka, urudishe kwa jeki mpaka kingo zikutane. Chimba mfereji wa V kwa mashine ya kusagia, theluthi mbili ya unene. Chomelea vipande vya sentimita 3 hadi 4, ukibadilisha upande, na usirudi mahali mpaka uweze kupagusa kwa mkono. Saga isawazike.

Halafu kiraka cha kuimarisha. Unene wake uwe sawa na wa longeroni (pima kwa kalipa, ya Land Rover Series ni takriban milimita 2), kipite ufa kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande. Ncha zake zikatwe kwa mshazari, kama mdomo wa samaki au almasi, na kona ziwe za duara. Usichomelee mstari wa wima unaokata longeroni juu hadi chini, wala usivuke kingo za juu na za chini. Mstari huo ndio utakaokuwa ufa wa mwaka ujao.

Na uulize kwa nini ulipasuka. Amotisa (shokabsoba) iliyokufa, boloni za boksi la usukani zilizolegea, bushi za lame zilizoisha, au mzigo. Kwenye Land Cruiser tazama hasa kuzunguka boksi la usukani na vishikio vya amotisa. Kwenye Land Rover, traversi ya nyuma na vishikio vya pembeni vinavyobeba bodi. Sababu ikibaki, kiraka kitaonyesha tu mahali papya pa kupasuka.

11. Nitumie bati gani? Mapipa yanafaa?

Kwa shasi, bati jeusi la chuma laini la milimita 2 hadi 3, jipya, lisilo na kutu. Kwa sakafu na vizingiti, milimita 1 hadi 1.2. Kwa ngozi ya nje ya bodi, 0.8 hadi 1.

Pipa la lita 200 lina unene wa karibu milimita 1 na linafaa kwa sakafu. Lakini pipa lililokuwa na mafuta haliguswi na moto wala diski kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa na kuachwa wazi. Mvuke uliobaki ndani unalipuka kama bomu. Likate kwa tindo au mkasi wa bati.

Mabati ya nyumba hayafai kabisa. Ni membamba mno, na zinki iliyo juu yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Lame kuukuu nazo zisichomelewe kwenye shasi: ni chuma kigumu kinachokatika kandokando ya mshono.

12. Umeme unashukashuka. Nitumie bageti (vijiti vya kuchomelea) gani na amperi ngapi?

Kwa longeroni ya milimita 2 hadi 3, bageti ya E6013 ya milimita 2.5, anza na amperi 70, usizidi 90. Bageti ikinata, umeme ni mdogo. Ikitoboa, ni mwingi au mkono wako ni mzito. Kwa vishikio vinene, E7018 ni bora, ila ni lazima iwe kavu kabisa.

Bageti zilizokaa wazi msimu wa mvua zina maji kwenye ganda, na mshono unajaa vitundu kama mkate. Zile za E6013 zinakaushwa kwenye nyuzi 100 hivi kwa saa moja: ziweke kwenye kopo la bati lililofunikwa, juu ya mbabula yenye makaa yaliyofifia. Za E7018 zinahitaji karibu nyuzi 300, kwa hiyo nunua paketi iliyofungwa na umalize siku hiyo.

Kama unatumia jenereta, posti (mashine ya kuchomelea) ndogo ya inverta kwa amperi 90 inataka kVA 5 hivi. Kamba ya umeme iwe ya milimita mraba 2.5 kila waya na isizidi mita 25. Kamba nyembamba ndefu inakula umeme njiani, na watu wengi wanailaumu mashine bure.

Bati la nje la 0.8 usiliguse kwa bageti, litatoboka. Hapo ni posti ya waya wa milimita 0.6 au 0.8 yenye gesi mchanganyiko, au oksijeni na asetilini kwa mkono mwepesi. Weka nukta moja, ruka sentimita 5, weka nyingine, kisha jaza katikati bila haraka. Mstari wa moja kwa moja unapinda bati lote.

13. Naweza kuchomelea bila kutoa tangi na betri?

Hapana. Toa tangi lote, tenganisha betri na alternata, ondoa zulia na mipira upande wa pili wa bati, na weka ndoo ya maji na mchanga karibu. Waya wa masi (wa kurudisha umeme) ushikwe karibu na mshono, usipitishe umeme kwenye beringi za magurudumu.

14. Vizingiti vya Peugeot 504 au Mercedes vimeoza. Nivikateje?

Upande mmoja kwa wakati, na gari likiwa limekaa sawa kwenye magurudumu yake. Kabla ya kukata, chomelea bomba za mraba za milimita 25 kwa 25 ndani ya kabini, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli, moja juu na moja ya mshazari. Ziweke kwa ndani ili mlango uendelee kufungwa, maana mlango wenyewe ndio kipimo chako. Kila baada ya nukta chache za moto, ufunge uangalie.

Kata kilichooza tu, ila kata mpaka ufike chuma kizima. Kiraka kilichoshonwa juu ya kutu kinaweka maji katikati ya mabati mawili. Pale mabati yanapopandana, toboa matundu ya milimita 6 kila sentimita 3 hadi 4 kwenye bati la juu na uyajaze, yanashika kama nukta za kiwandani. Usiondoe zile bomba mpaka kizingiti kimeshonwa chote na kimepoa.

## Kupanga bodi

15. Milango, madigadi na kapo (boneti): naanzia wapi?

Nyuma kwenda mbele. Sehemu ya nyuma isiyohama ndiyo msingi. Panga mlango wa nyuma kwa ubavu wa nyuma, mlango wa mbele kwa mlango wa nyuma, madigadi kwa mlango wa mbele, kisha kapo katikati ya madigadi, na mwisho kabisa grili na parechoki (bampa). Anayeanza na kapo kwa sababu inaonekana zaidi atafungua boloni zote mara mbili.

Gari liwe chini, kwenye magurudumu, na injini, gia na tangi vikiwa mahali pake. Shasi isiyo na uzito ina umbo tofauti na shasi iliyobeba injini. Mipira ya kubebea bodi iwe mipya. Usikaze boloni yoyote mwisho mpaka kila kipande kimekaa.

16. Nafasi kati ya vipande iwe milimita ngapi?

Kwa magari haya, 4 hadi 5 kwenye milango na 5 hadi 6 kwenye kapo. Land Rover zilitoka kiwandani na nafasi kubwa zaidi, usijichoshe kuzifunga. Jicho halioni milimita, linaona badiliko: nafasi ya 6 iliyo sawa juu hadi chini inapendeza kuliko ya 4 inayoishia 2.

Kupimia, tafuta zile kadi za plastiki zinazobeba laini ya simu. Zikiwa na ukubwa wa kadi ya benki, kila moja ina unene wa milimita 0.76. Sita zikishikanishwa kwa mpira ni 4.6. Ziteleze kwenye nafasi yote: zinapokwama, weka alama ya kalamu, zinapocheza, weka alama nyingine.

Angalia pia kimo, si nafasi tu. Pitisha kiganja kutoka madigadi kwenda mlangoni na macho yamefumba. Kiganja kinahisi nusu milimita ambayo macho hayaioni. Ukingo wa mbele wa kipande cha nyuma uwe chini kwa kiasi kidogo kuliko kipande kilicho mbele yake, ili upepo usipige kona.

17. Mlango umeshuka. Nipinde bawaba au nibadilishe?

Pini kwanza. Zigonge zitoke, zipime; zikiwa zimeliwa, fundi wa tono (mashine ya kuchonga vyuma) achonge bushi za shaba ya njano na pini mpya. Kupinda bawaba yenye pini iliyoisha ni kuficha ugonjwa.

Pini zikiwa nzima na mlango bado uko chini, legeza boloni za bawaba, weka jeki yenye kipande cha ubao chini ya mlango, panga, kaza. Kama bawaba haina nafasi ya kusogea, ongeza wasa nyembamba ya bati nyuma yake: milimita 1 kwenye bawaba ya chini inanyanyua kufuli kwa zaidi ya hapo, kwa kuwa mlango ni mrefu. Toa kwanza kile chuma cha kufulia kwenye nguzo. Mara nyingi kinauvuta mlango na kukudanganya.

18. Nilipanga vizuri, nikaweka mipira mipya, sasa mlango umejitokeza nje.

Mpira mpya ni mgumu na mnene. Unatakiwa kuwepo wakati wa kupanga, kabla ya rangi. Uache mlango umefungwa wiki moja uone utakavyobonyea. Ukibaki nje zaidi ya milimita 2, sogeza chuma cha kufulia ndani, au tafuta mpira laini zaidi. Usiupige mlango kwa nguvu, utapinda fremu yake ya dirisha.

19. Kapo iko sawa nyuma lakini kona moja ya mbele iko juu.

Angalia vile vipira vya kuegemea mbele, viteremshe kwa kuzungusha. Visipotosha, shika kona hiyo na uikandamize juu ya kipande cha ubao kilichowekwa upande wa pili, kidogo kidogo. Kama kona imekataa kabisa, rudi kwenye vipimo vya shasi: huenda mbele imejisokota.

20. Bati linaruka "pok" nikilisukuma kwa kidole. Nifanyeje?

Limetanuka, halina pa kwenda. Kuligonga zaidi kunalitanua zaidi. Linafupishwa kwa moto: tafuta kilele cha uvimbe, pasha nukta ya milimita 10, ukubwa wa kifungo cha shati, mpaka iwe nyekundu na ijitokeze. Weka chuma cha kuegemeza nyuma, ugonge nukta hiyo taratibu mara tatu au nne, kisha ipoze kwa kitambaa chenye maji. Hapa maji yanatakiwa, kinyume na kwenye shasi (swali la 9). Subiri bati lipoe lote kabla ya nukta ya pili. Nyingi zinahitaji nukta tatu tu.

21. Masitiki (pati ya kujazia bati) kiasi gani ni nyingi?

Kuzidi milimita 3 ni nyingi. Ikivuka hapo inapasuka kwa mtikisiko wa barabara, na maji yanapita nyuma yake. Ipake juu ya chuma kilichokwaruzwa kwa msasa wa 80, na kigumishi kiwe asilimia 2: gramu 2 kwa gramu 100. Kuzidisha kigumishi ili ikauke upesi kunaacha doa linalotokea juu ya rangi baadaye. Masitiki inanyonya unyevu kama sifongo, kwa hiyo gari lililopakwa lisilale kwenye mvua hata usiku mmoja.

Ukinunua gari, tembea nalo na sumaku ndogo iliyofungwa kwa karatasi. Inapoacha kushika kwenye gari la chuma, chini yake kuna masitiki nene.

## Yasiyo ya kila siku

22. Land Rover yangu ina bodi ya alumini. Mambo yanabadilika?

Sana. Alumini ikigusana na chuma kwenye maji, inaoza yenyewe na kuwa unga mweupe. Tenganisha kila mahali kwa rangi, mpira au utepe. Brashi ya waya iliyosugua chuma usiitumie kwenye alumini.

Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo huwezi kukisia joto kwa jicho. Tumia kipande cha sabuni ya kufulia: sugua bati kwa sabuni kavu, pasha kwa moto mpana mpaka alama ya sabuni iwe kahawia iliyokolea, acha hapo. Bati limelainika, ligonge likiwa limepoa. Likigongwa sana linakuwa gumu tena, rudia. Nyufa ndogo zifungwe kwa kipande na riveti. Kumbuka tablie na nguzo za milango ya gari hili ni za chuma, na huoza kwenye miguu.

23. Nimepata tablie au nusu ya bodi kutoka Kampala. Itakaa?

Uganda wanaendesha kushoto na usukani uko kulia. Tablie ya huko ina tundu la usukani na pedali upande wa kulia, kwa hiyo kuiweka kwenye gari la Kongo ni kuchonga upya na kuziba. Milango, madigadi, kapo na traversi kwa kawaida vinaingia. Pima umbali kati ya matundu ya bawaba kwenye gari lako na uende na kipimo kimeandikwa, maana miaka tofauti ya modeli moja ina bawaba tofauti.

24. Kiraka kinaangukia kwenye namba ya shasi.

Usiisage. Kwenye Land Cruiser 40 imepigwa kwenye longeroni ya kulia, mbele. Ni namba ileile iliyo kwenye karte roze (hati ya usajili wa gari), na gari lenye namba iliyofutika halivuki mpaka wala haliuziki. Kata kiraka kiizunguke, ipige picha kabla, ipake grisi. Kama chuma chake chenyewe kimeoza, wasiliana na huduma ya magari kabla ya kukigusa.

25. Lini niseme shasi haifai tena?

Longeroni ikiwa imeoza juu na chini kwa zaidi ya theluthi ya urefu wake, au ikiwa imejikunja mahali pawili na kujisokota pia, tafuta nyingine. Vilevile ukikuta viraka juu ya viraka: kila tabaka lina kutu lake ndani, na moto mpya hauna chuma kizima cha kushika.

26. Baada ya kuchomelea, nipake nini ndani ya longeroni?

Osha kwanza. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya mbele mpaka maji yanayotoka nyuma yawe meupe. Kwa gari la miaka mingi, tope la ndoo nzima si ajabu. Zibua matundu ya chini kwa waya, na kama traversi ya nyuma haina tundu, toboa moja la milimita 8 mahali pa chini kabisa. Acha likauke siku tatu za jua.

Nta ya shasi ndiyo bora. Ikikosekana, changanya oili mpya ya gia na dizeli kidogo, ipashe moto kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto (isiwe juu ya makaa), uipulizie kwa bomba jembamba kwenye kila tundu mpaka ianze kudondoka chini. Oili iliyotumika kwenye injini iache, ina asidi. Rudia kila mwaka mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijaanza, na weka kadibodi chini ya gari usiku wa kwanza kwa sababu litadondosha mpaka asubuhi.